Bundi, kinda aliyeanguka na mti mkavu: dhana potofu kuhusu ndege wa Arusha na Moshi

Ukiwauliza watu wa Arusha au Moshi ni nani anayemaliza ndege, wengi watataja majangili na watoto wenye manati. Wapo kweli. Lakini ndege wengi wanaoishi jirani nasi hufa kwa mambo ya kila siku: sumu ya panya iliyowekwa stoo, dirisha jipya la kioo, mti uliokatwa kwa kuwa umekauka. Anayefanya hivyo mara nyingi hana nia mbaya, ila ameshika jambo ambalo si kweli.

"Bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atakufa"

Bundi hulia ili kumwita mwenza wake au kuwaonya bundi wengine kwamba eneo lina mwenyewe. Anaifuata nyumba ya mtu kwa sababu ya panya. Stoo ya mahindi, banda la kuku, jalala na dari ndiko panya wanakojazana, naye anawafuata huko. Yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, anayependa kulala kwenye madari na maghala, hutoa ukelele mrefu wa kukwaruza, na huo ndio unaowatia watu hofu usiku.

Tazama chini ya mahali anapolala mchana. Utaokota vitonge vyeusi, kila kimoja kama kidole gumba. Si kinyesi: bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya ambavyo tumbo halikuweza kusaga. Vaa glavu, loweka kitonge kimoja kwenye maji ya vuguvugu, kichambue kwa kijiti, na mara nyingi utakuta mafuvu mawili au matatu ya panya na taya zake ndogo zenye meno ya rangi ya machungwa. Hiyo ni kazi aliyokufanyia bure.

Inasikitisha kwamba bundi huyohuyo hupigwa mawe, halafu mwenye nyumba huenda dukani kununua sumu. Sumu nyingi za siku hizi zina brodifakumu au bromadioloni, ambazo huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Huchukua siku 3 hadi 7, na muda wote huo anaendelea kula sumu, analegea na kutembea hadharani. Bundi humkamata huyo kwa kuwa ni rahisi kumshika, sumu inajikusanya kwenye ini lake, naye anavuja damu kwa ndani. Mwishowe umeua mwindaji anayezaa mara chache, na panya waliobaki wanaongezeka tena baada ya wiki chache.

Anza na kuziba matundu yote yanayozidi nusu sentimita kwa saruji na wavu wa chuma, kwa sababu sponji na mbao panya atatafuna. Hifadhi nafaka kwenye mapipa yenye mifuniko ya kubana. Mitego ya kubana itegwe ndani, sambamba na ukuta, maana panya hutembea akigusa ukuta. Ukilazimika kutumia sumu, kagua kila asubuhi na ufukie mizoga kwa kina cha nusu mita.

Mwenye shamba anaweza pia kumjengea bundi sanduku la mbao: sakafu sentimita 60 kwa 40, mlango wa mraba wa sentimita 15, na kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa mlango kuwe na sentimita 45. Kosa la mafundi wengi ni kuweka mlango chini sana. Makinda wanapoanza kutambaa hudondoka kabla hawajajua kuruka. Toboa matundu madogo ya kupitisha maji, litundike mita 3 au zaidi kutoka ardhini, mahali pasipopigwa na mvua wala jua la mchana. Usilichungulie. Sanduku jipya linaweza kukaa mwaka mzima kabla halijapata mpangaji.

"Ukimshika kinda, mama yake atamkataa"

Ndege wengi hawategemei harufu kuwatambua watoto wao. Mama hatamkataa kinda kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Kinachoua makinda wengi ni huruma ya haraka: mtoto anampeleka nyumbani, anampa maziwa, mkate na maji mdomoni. Ndege hawezi kumeng'enya maziwa, na maji yakimiminwa mdomoni huingia kwenye njia ya hewa.

Kwanza angalia manyoya. Kinda aliyejaa manyoya, mwenye mkia mfupi, anayerukaruka chini, hajapotea. Yuko kwenye siku za kujifunza kuruka na wazazi wanamlisha palepale. Fungia mbwa na paka, umwinue umweke kwenye kichaka cha karibu, uondoke. Kinda aliye uchi au mwenye vishina vya manyoya tu ndiye aliyeanguka kweli, mrudishe kiotani. Kiota kikiwa kimeharibika, chukua kikapu kidogo au kopo pana lililotobolewa chini, tandika nyasi kavu, ukifunge kwenye tawi la mti uleule, kwenye kivuli. Kisha kaa mbali, mita 20 au zaidi, utazame kwa saa mbili. Wazazi wasiporudi kwa muda wote huo ni kwa sababu umesimama karibu mno, au wamekufa.

"Dawa ya kwelea huua kwelea tu"

Hapa malalamiko ya mkulima ni ya haki. Kwelea kwelea mmoja anaweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku. Kwa wakulima wa mpunga wa Chekereni na Mabogini, hiyo ni ada ya watoto inayoruka angani.

Lakini fenthioni, dawa inayonyunyizwa kwenye malalo ya kwelea (mahali makundi yanapolala), haichagui ndege. Inashambulia mishipa ya fahamu na hupenya hata kupitia ngozi. Kwelea wanaotapatapa huwavuta mwewe, tai na bundi, nao hufa baada ya kuwala. Ndiyo maana kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vifaa na kibali. Mkulima kuchanganya kiuatilifu chochote na mtama akaumwaga pembeni mwa shamba ni hatari kwa ndege, kuku na watu, hasa pale ndege waliokufa wanapookotwa wakaliwa.

Tena si kila ndege mdogo kwenye majaruba ni kwelea. Kwelea dume wa msimu wa kuzaa ana mdomo mwekundu na uso ambao mara nyingi ni mweusi. Mnana wa njano wa Taveta, ambaye duniani hupatikana tu kaskazini mashariki mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, naye husuka viota vyake kwenye matete ya maeneo haya.

Pandeni kwa wakati mmoja na majirani, kwa sababu shamba linaloiva peke yake hubeba mzigo wote. Palilieni magugu ya jamii ya nyasi, maana mbegu zake ndizo zinazowaita kwelea mapema. Kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kuanze mpunga unapotunga maziwa, na nguvu iwe alfajiri na alasiri, ndege wanapokula zaidi. Wavu ufungwe kwa kukazwa. Ukilegea unanasa kila kinachopita. Malalo yakionekana, mwambieni afisa ugani siku hiyohiyo, kundi likiwa bado dogo.

"Korongo weupe na mbayuwayu ni wa Ulaya, watunzwe huko"

Wanazaliwa huko, lakini kuanzia Oktoba hadi Machi wengi wanaishi kwetu. Korongo weupe hula viwavijeshi kwa wingi. Ukiona wametua shambani, ahirisha kunyunyiza. Watakula viwavi vyenye sumu.

"Tukipanda miti, ndege tumewaokoa"

Inategemea mti gani, na wapi. Mgrivelea umejaa vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, kwa kuwa unakua haraka, lakini kwa kawaida huvunwa mbao kabla haujazeeka kiasi cha kuwa na pango. Mringaringa, mfuruanje, msesewe na mkuyu zikiachwa zizeeke hutoa matunda, wadudu na mapango.

Hondohondo mwenye mdomo mkubwa, anayesikika akipiga mbawa kwa kishindo juu ya migomba, hawezi kuzaa bila pango. Jike huingia ndani, na dume humeza udongo akiutapika vidonge vidonge ili jike auzibie mlango, ubaki ufa mwembamba tu. Hukaa humo zaidi ya miezi mitatu. Dume hubeba matunda kooni, hutua kwenye shina na kuyatoa moja moja akimpitishia jike kwenye ufa. Ukimuua dume huyo, familia yote iliyo ndani imo hatarini kufa njaa. Ukikata mti, umewakata wote.

Mti mkavu ulio karibu na nyumba punguza matawi yanayotishia, uache shina la mita 4 au 5. Ulio mbali uache kama ulivyo.

Na kuna mahali ambapo mti wenyewe ndio tatizo. Nyanda za nyasi fupi kaskazini mwa Arusha, kuelekea Longido, ndiko anakoishi kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo asiyepatikana kwingine duniani. Anakimbia chini na kutaga ardhini. Nyanda hizo zikilimwa au kupandwa msitu, yeye hana pa kwenda. Zinamfaa zikibaki malisho.

"Tumbusi huleta magonjwa"

Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali mno kiasi cha kuua vijidudu vingi vya mizoga, kimeta kikiwemo. Bila wao, mbwa na fisi ndio wanaobaki na mzoga.

Adui yao mkubwa ni sumu inayopakwa kwenye mzoga ili kumuua simba au fisi aliyekula ng'ombe. Mwaka 2019 nchini Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Tumbusi hutaga yai moja na huchukua miaka kama mitano kukomaa, kwa hiyo pengo la aina hiyo halizibiki upesi. Ukikuta mzoga wenye nzi waliokufa na ndege waliolala pembeni, usiguse kwa mikono mitupu. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori; baada ya wao kukagua, kila kitu kiteketezwe kwa moto hadi kiishe.

Kuna pia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Nchini India mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo ilisababisha tumbusi wa aina tatu kupungua kwa zaidi ya asilimia 95, hadi ilipopigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mwombe daktari wa mifugo akupe meloksikamu badala yake.

"Stika moja ya tai inatosha kwenye kioo"

Ndege haoni kioo. Anaona anga na miti iliyoakisiwa. Stika moja anaikwepa na kugonga pembeni yake. Alama zinatakiwa ziwe upande wa nje, zikiachana kwa sentimita 5, dirisha zima. Mistari ya rangi nyeupe inatosha. Wavu wa mbu ukifungwa nje ya kioo badala ya ndani unamaliza tatizo kwa gharama ileile.

Ndege aliyegonga na kuzimia umweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu na kitambaa chini, ulifunike, uliache mahali pa kimya mbali na jua. Usimpe maji wala chakula. Baada ya saa moja lipeleke nje na ulifungue. Asiporuka, lifunike tena kwa saa nyingine moja. Mwenye bawa linalolegea upande mmoja amevunjika, huyo apelekwe kwa daktari wa wanyama.