Ukomo wa sentimita 70 hautoki kwenye lenzi

Huaminika kwamba lenzi za Leica M, kamera za Kijerumani, haziwezi kunasa kwa ukali kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 70. Kwa kweli, kinachokwamisha zaidi ni mtambo wa kupima umbali ulio ndani ya kamera. Ndiyo maana lenzi ya APO-Summicron-M 35 ya mwaka 2021 hufika sentimita 30, ila chini ya 70 mtambo huo huachana nayo, ukalazimika kutazama skrini. Ukipiga sato mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa lenzi ya zamani ya Leica M iliyofungwa kwenye kamera nyingine ya kidijitali kwa adapta inayorefuka (kiungo kinachoisogeza lenzi mbele), magamba hutokea moja moja. Kidirisha cha kutazamia cha Leica M, kilicho pembeni mwa lenzi, nacho, kwa karibu hivyo kingekudanganya: kichwa ulichokiona kingekatwa pichani.