Umekwama Rejesho? Anza na Barua, Usianze na Mkopo Mwingine

Kila Januari foleni ya dawati letu la malalamiko ya wakopaji hubadilika sura. Desemba wanakuja wachache, wengi wao kuuliza tu. Ikifika wiki ya pili ya Januari, ada zinadaiwa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wateja wa sikukuu wametoweka, na benchi letu la nje halitoshi. Safari hii tumeona tuandike mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya tunayoyapokea yangekwisha mezani kwa mkopeshaji kama mkopaji angefika siku kumi kabla ya tarehe ya rejesho, badala ya miezi mitatu baada yake.

Nianze na daftari. Mama mmoja mwenye biashara ya chakula alituletea daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha jaladani. Ukurasa wa kwanza kaandika kwa kalamu ya bluu: mkopo 300,000. Chini yake: nimepewa 270,000. Ile 30,000 ilikatwa palepale, akaambiwa ni ya fomu na bima. Rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, na kila siku kuna alama ya vema. Siku ya 11 hakuna vema. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, wali ukalala. Siku ya 12 alikopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Ukurasa wa tatu una wakopeshaji wanne, wote wanapita kibandani kwake kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni.

Tukapiga hesabu naye. 13,000 mara siku 30 ni 390,000. Fedha aliyoishika mkononi ni 270,000. Kwa mwezi mmoja alitakiwa kurudisha 120,000 ya ziada, yaani asilimia 44 ya kile alichokipata. Taasisi ya daraja la pili, yaani ile inayokopesha bila kupokea amana za wateja, ikiwa na leseni haitakiwi kuvuka riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo kwa mkopo wa 300,000 riba ya mwezi isingezidi 10,500. Mikopo hii mitaani inaitwa kausha damu, na walioipa jina hilo ndio wanaoikopa.

Swali lake la kwanza lilikuwa lile tunaloulizwa karibu kila siku: "Kama hana leseni, si basi nisimlipe?"

Hapana. Naomba hili lieleweke, maana kuna watu wanalisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni tangazo la serikali. Kukopesha bila leseni ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na anayelifanya anashitakiwa. Lakini fedha uliyoipokea umeipokea. Sheria ya Mikataba inamtaka mtu aliyenufaika na makubaliano batili arudishe alichonufaika nacho. Unachoweza kubishania ni riba na tozo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, tulipokea watu waliokuja kushukuru kwamba "deni limefungiwa". Kilichofungiwa ni biashara ya mkopeshaji.

Tukirudi kwa mwenye mkopo halali aliyekwama, utaratibu ni huu. Mara tu unapoona rejesho lijalo halitawezekana, andika barua kwa meneja wa tawi. Haihitaji mwanasheria. Taja jina lako kama lilivyo kwenye mkataba, namba ya mkopo, salio unalolijua, sababu ya kukwama, kiasi unachoweza kulipa kwa sasa, na tarehe utakayoanza kukilipa. Ambatisha ushahidi wa sababu: barua ya kusimamishwa kazi, cheti cha hospitali, taarifa ya miamala inayoonyesha mauzo yameshuka. Chapa nakala mbili. Nenda nazo zote mbili, waachie moja, na ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini ya aliyepokea. Wakikwambia muhuri uko kwa bosi na bosi yuko safarini, subiri au rudi kesho. Usiondoke na maneno "tumekuelewa mama, usijali". Aliyekuelewa leo anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na faili lako litafunguliwa na mtu asiyekujua.

Bila nakala yenye muhuri, malalamiko yako yanaanza kwa udhaifu. Dawati letu halipokei lalamiko ambalo mkopeshaji hajapewa nafasi ya kulijibu. Tukikurudisha huko usidhani tumekutupa. Ukishaandika na usijibiwe katika muda uliowekwa, au ukajibiwa usiridhike, hapo unakuja kwetu na mkataba, barua yako, majibu yao kama yapo, risiti za marejesho na taarifa ya akaunti. Risiti za simu zinafaa, mradi ujumbe wa muamala usiwe umefutwa. Watu hufuta ujumbe ili simu ipate nafasi ya picha, halafu wanatuambia "mtandao wenyewe unajua nililipa". Unajua, ndiyo, ila itabidi uuombe taarifa hiyo, na siku zinakwenda.

Katika mazungumzo ya kupanga upya mkopo, angalia kitu kimoja ambacho maofisa mikopo hawakitaji kwa sauti. Kurefusha muda kunapunguza rejesho na kuongeza jumla. Tuchukulie salio ni 2,000,000, riba asilimia 3.5 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Kwa miezi 12 rejesho ni kama 207,000 kwa mwezi, na jumla utalipa karibu 2,484,000. Ukirefusha hadi miezi 24 rejesho linashuka hadi kama 124,500, ila jumla inapanda hadi karibu 2,989,000. Zaidi ya laki tano umeilipia pumzi. Huenda pumzi hiyo unaihitaji kweli, na wapo tuliowashauri waichukue. Ila omba ruhusa ya kulipa zaidi pale mambo yatakapokaa sawa, na uliza kama kuna faini ya kumaliza mapema. Majibu yawe kwenye mkataba mpya.

Kuhusu lipi lilipwe kwanza, wataalamu wa semina wana majibu mazuri. Sisi huwaambia watu waandike yote kwenye karatasi moja, pamoja na la dukani, la kikoba na zamu ya upatu, kisha watenganishe mawili: deni linaloongezeka haraka kuliko mengine, na deni lililoshika nyumba au kiwanja. Hayo mawili yanakula kwanza. Mengine yaandikiwe barua. Deni la ndugu nalo liandikiwe, hata ujumbe wa simu unatosha. Shemeji asiyejibiwa simu miezi miwili anakuwa mkali kuliko benki.

Watumishi wa umma wana tatizo lao. Kanuni ya kubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato inafahamika, na mifumo ya mishahara inaizuia isivukwe. Kinachotokea ni kwamba mtumishi akishafika ukomo anatoka nje ya mfumo, anakopa kwa mtu wa mtaani na kumwachia kadi ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia, anayeutoa ni mwingine. Tumewaona walimu na wastaafu wanaomfuata mkopeshaji wao tarehe 25 jioni kuomba wabakishiwe ya mchele. Kadi ya benki si dhamana, na benki yako inakukataza kumpa mtu yeyote namba ya siri. Kama umeshaikabidhi, nenda tawini ukiwa na kitambulisho, izuie, omba nyingine, kisha mwandikie mkopeshaji utaratibu mpya wa kumlipa. Wasiwasi kwamba atakushitaki polisi kwa kuzuia kadi yako mwenyewe hauna msingi. Na wanaodaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wakumbuke kuweka ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwenye hesabu kabla ya kusaini kingine. Tunashangaa mtu mwenye shahada anapoisahau.

Nimetaja polisi. Deni ni shauri la madai. Ofisa mikopo anayekutishia kwamba "gari la polisi linakuja" anatumia hofu yako. Polisi wanaingia pale palipo na jinai, na jinai ipo ukighushi hati ya mshahara au ukijipatia mkopo kwa udanganyifu, makosa ambayo kwa Kanuni ya Adhabu yanaweza kufikia kifungo cha miaka saba. Ukikopa kwa taarifa za kweli ukashindwa kulipa, njia ya mkopeshaji ni mahakama. Huko unaweza kuomba kulipa kwa awamu, na mahakama ina mamlaka ya kuamuru hivyo. Usikimbie wito. Ukiukimbia, hukumu hutoka kwa kusikiliza upande mmoja tu, na hatua inayofuata ni kukazia hukumu, yaani kuitekeleza.

Kifungo cha madai kipo, tusidanganyane. Mahakama inaweza kuamuru mdaiwa azuiliwe hadi miezi sita, lakini kwanza anaitwa kujieleza, na umaskini wa kweli usio na hila ni sababu inayosikilizwa. Gharama za kumtunza huko ndani hulipwa na aliyemfunga, ndiyo maana wakopeshaji wengi hawaipendi njia hii. Akitoka, deni bado lipo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai pia inazuia vitu fulani visikamatwe katika kukazia hukumu: nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Kwa hiyo dalali akibeba sufuria na godoro, mpigie simu mwenyekiti wa mtaa, na dalali aonyeshe amri ya mahakama na kitambulisho chake.

Kinga hiyo ya nyumba haikusaidii ukiwa umeiweka rehani mwenyewe. Hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi na wananchi. Aliyeweka hati benki anakuja na hoja kwamba "nyumba ya familia haiuzwi". Inauzwa, kwa utaratibu. Chini ya Sheria ya Ardhi, kwanza unapewa notisi ya kukiuka mkataba, na una siku 60 tangu uipokee za kurekebisha. Zikipita, mkopeshaji anaweza kuendelea na mauzo, na kama ni kwa mnada, tangazo kwa umma linatangulia kwa siku zisizopungua 14. Anatakiwa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya soko, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umekiukwa, na unaweza kwenda mahakamani. Ridhaa ya mwenzi nayo ni sharti kwa nyumba ya ndoa. Hesabu siku hizo kuanzia tarehe uliyosaini kupokea notisi. Kukataa kuipokea, au kumwambia mtoto aseme baba hayupo, hakusimamishi saa.

Wadhamini pia. "Mimi nilisaini kama shahidi tu." Soma pale juu ya saini yako. Kama pameandikwa mdhamini, wajibu wako ni sawa na wa mkopaji isipokuwa mkataba useme vingine, na mkopeshaji anaweza kukufuata wewe mwenye mshahara akamwacha rafiki yako mwenye bodaboda mbovu. Mkopaji akikwama, mdhamini naye awepo kwenye ile barua ya kwanza.

Kwa wanaodhalilishwa na aplikesheni, zile zinazotuma ujumbe kwa bosi, wakwe na mchungaji kwamba wewe ni tapeli: hilo limekatazwa hata kama deni ni la kweli. Piga skrinishoti ujumbe wenyewe, namba iliyotuma na tarehe, na uwaombe waliotumiwa wakuhifadhie wa kwao. Malalamiko ya matumizi ya taarifa zako hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ya riba na leseni yanabaki upande wa sekta ya fedha. Lete kila moja mahali pake, kwa sababu likichanganywa linazunguka.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, na pengine ndiyo sababu baadhi ya vikundi huichukulia kama mgawo. Ni mkopo. Kikundi kisichorejesha kinakizuia kingine kilichoko kwenye foleni, na barua ya kukwama nayo inaandikwa, kwa ofisa maendeleo ya jamii, kwa utaratibu uleule wa muhuri.

Siku utakapomaliza, usitoke na furaha peke yake. Omba barua ya kumaliza mkopo yenye namba ya mkopo na salio sifuri. Chukua dhamana yako: kadi ya gari, hati, chochote ulichoacha. Kama ni kiwanja au nyumba, hakikisha mkopeshaji amesaini nyaraka ya kuondoa rehani na kwamba imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wako watu waliorudishiwa hati mkononi, wakaiweka sandukuni miaka minane, na wakagundua siku ya kuuza kwamba kwenye daftari la msajili rehani bado imesimama na tawi lililowakopesha lilishafungwa. Baada ya miezi miwili au mitatu, omba taarifa yako kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo uone kama deni linasomeka limelipwa. Likisomeka bado, peleka barua yako ya kumaliza mkopo, nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri.