Poti ya swichi ni msema pweke: dhana potofu kuhusu spidi na dupleksi

Msema pweke hakosi. Methali hii naikumbuka kila nimwonapo fundi ameketi mbele ya swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, amesoma kwamba poti yake, yaani tundu la kebo, iko megabiti 100 na dupleksi kamili, akahitimisha kuwa mtandao hauna shida. Poti haikusema uongo, imeeleza hali yake yenyewe. Lakini kiungo kina ncha mbili, na ile ya pili, iwe ruta, seva au kisanduku cha mtoa huduma, hakuna aliyeiuliza.

Kwa asiyeyazoea maneno haya: spidi ni wingi wa biti zinazopita kwa sekunde, yaani megabiti 10, 100, 1000 na kuendelea. Dupleksi ni utaratibu wa zamu. Nusu dupleksi ni kama redio koli za walinzi, mmoja akibonyeza kuongea mwingine sharti asikilize. Dupleksi kamili ni kama simu, pande zote zaweza kuongea kwa pamoja. Vifaa viwili vikihitilafiana spidi, kiungo hakiwaki na utajua mara moja. Vikihitilafiana dupleksi, kiungo kinawaka, taa zinametameta, na shida inajificha humo miezi na miezi.

Dhana: nikifunga poti yangu (nikiipangia kwa mkono) kwenye 100 kamili, upande wa pili utanifuata

Ukweli ni kinyume kabisa, na hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Poti mbili zilizo auto, yaani zilizoachwa zijadiliane zenyewe, hupatana kabla kiungo hakijawaka, kwa kutumiana mafungu ya mapigo mafupi ya umeme, fungu moja kila milisekunde 16 hivi. Ndani ya fungu mna ujumbe wa biti 16 unaotaja uwezo wa poti: naweza 10 nusu, 10 kamili, 100 nusu, 100 kamili. Kila upande ukishasoma orodha ya mwenzake, wote wawili huchukua kilicho bora kati ya vile wanavyoviweza pamoja. Utaratibu huu uliingia kwenye kiwango cha kiufundi cha IEEE 802.3u mwaka 1995, sambamba na Ethaneti ya megabiti 100.

Sasa ukizima auto na kufunga 100 kamili kwa mkono, kwa kawaida poti yako huacha kutuma mafungu hayo. Mwenzake aliye auto anangoja orodha isiyokuja. Anachobaki nacho ni kusikiliza mawimbi: ya 100 hayafanani na ya 10, kwa hiyo spidi anaitambua. Dupleksi haisikiki kwenye mawimbi. Kiwango kinamwagiza achague nusu, kwa sababu kifaa kisichojadiliana huenda ni habu ya zamani, kifaa kilichotangulia swichi, na habu haijui ila nusu. Basi kitendo chako cha kufunga "kamili" upande mmoja ndicho kilichozaa "nusu" upande wa pili. Hakuna kifaa kibovu hapo. Kila kimoja kimetii kilichoagizwa.

Dhana: ping inapita vizuri, kwa hiyo kiungo ni kizima

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ya ghala ambako nakala rudufu ya usiku ilikuwa haimaliziki hadi wafanyakazi wanaingia asubuhi. Walikuwa wameshapangusa diski, wameshanunua hata swichi mpya. Ping kwenda kwenye seva ilikuwa safi: pakiti mia zimekwenda, mia zimerudi. Ukinakili faili kubwa, inakwenda, inasimama, inajivuta, inasimama tena.

Ping hutuma pakiti moja ndogo, ikangoja jibu, ndipo itume nyingine. Pande mbili haziongei kwa wakati mmoja, hivyo hazipati nafasi ya kugongana. Faili kubwa ni habari nyingine. Wakati upande mmoja unamimina fremu, yaani mafungu ya data, upande unaopokea unarudisha uthibitisho wa TCP, utaratibu unaohakikisha data imefika, njia ile ile. Aliye kamili anatuma atakapo. Aliye nusu, akiwa katikati ya kutuma, akisikia mwenzake naye anaongea, anaamini umetokea mgongano: anaikata fremu, anatulia kidogo, anajaribu upya. Mwenzake anapokea kipande kilichokatwa, anakipiga hesabu ya ukaguzi, haitimii, anakitupa.

Ndiyo maana dalili hazifanani kwenye ncha mbili za waya ule ule. Upande wa nusu utaona migongano, hasa ile ya kuchelewa, `late collisions`. Upande wa kamili utaona makosa ya CRC, ile hesabu ya ukaguzi, na vipande vya fremu, `runts`. Fundi anayesoma CRC peke yake hukimbilia kubadilisha kebo, na kebo haina kosa lolote.

Tazama tarakimu zenyewe. Kwenye megabiti 100, mgongano wa kawaida hutokea ndani ya baiti 64 za kwanza, sawa na mikrosekunde 5.12. Fremu kubwa ya baiti 1518 huchukua kama mikrosekunde 121 kupita. Muda wote uliobaki mwenzako anaweza kukuingilia, na kadi ya mtandao kwa kawaida hairudii fremu iliyogongwa kwa kuchelewa. Inaiachia TCP iligundue pengo, na TCP ikigundua pengo hupunguza mwendo. Kadiri unavyosukuma mzigo mkubwa ndivyo kiungo kinavyozidi kulemaa.

Pale ghalani kaunta ya migongano ya kuchelewa ilikuwa ikipanda mbele ya macho yetu. Poti ya swichi iliyoelekea kwenye seva ilisoma `a-half`, yaani nusu iliyochaguliwa na auto. Miaka ya nyuma mtu aliifunga kadi ya seva kwenye 100 kamili, akaondoka, hakuandika popote. Swichi mpya ilipokuja ikiwa auto, ikarithi ugonjwa ule ule wa swichi ya kwanza. Niliirudisha kadi kwenye auto, kiungo kikazima sekunde chache, kikawaka 1000 kamili. Nakala ya usiku ule ilikwisha kabla ya saa sita. Pesa ya swichi ilikwenda bure, na bado inaniuma, maana jibu lilikuwa mstari mmoja wa kusoma.

Dhana: auto haiaminiki, poti muhimu zifungwe kwa mkono

Ushauri huu una asili yake na siwezi kuudharau. Miaka ya 1990 kadi na swichi za kampuni mbalimbali zilikisoma kiwango kila moja kwa namna yake, na mapatano yalikwama mara kwa mara. Mafundi wa wakati ule wakafundishwa kufunga ncha zote mbili, na walikuwa sahihi. Kilichobaki kwa warithi wao ni nusu ya ushauri: wanafunga ncha moja.

Kiwango kilirekebishwa mwaka 1998. Mwaka uliofuata, 802.3ab ilipoleta gigabiti kwenye nyaya za shaba, mapatano yakawa ya lazima, kwa kuwa ncha mbili sharti ziamue nani ataongoza mapigo ya saa na nani atafuata. Ndiyo maana kwenye swichi nyingi za Cisco ukiandika `speed 1000` kwenye poti ya shaba, poti haiachi kujadiliana. Inatangaza 1000 peke yake, basi.

Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza ukiwa na sababu ya kweli ya kubana spidi: acha auto iwake, punguza orodha inayotangazwa. Kwenye Linux, `ethtool -s eth0 advertise 0x008` hutangaza 100 kamili tu, na mwenzake anaipata dupleksi kwa maneno, bila kubahatisha. Akikupa kiungo mtoa huduma ambaye kisanduku chake kimefungwa 100 kamili na hakibadilishiki, nawe funga vivyo hivyo upande wako, kisha bandika lebo kwenye kebo yenyewe ili atakayekuja baada yako ajue. Kumbuka pia kwamba kwenye swichi za Catalyst za Cisco, ule uwezo wa poti kugeuza jozi za nyaya za kutuma na kupokea wenyewe unategemea spidi na dupleksi kuwa auto. Ukifunga, kebo iliyokuwa ikifanya kazi jana yaweza isiwake leo.

Dhana: taa ya kijani maana yake kila kitu ni kamili

Rangi za taa hazina kanuni moja. Kijani cha kampuni hii ni gigabiti, cha ile ni kiungo tu. Kwenye Catalyst kadhaa kuna kitufe cha Mode kinachozigeuza taa zionyeshe spidi au dupleksi, na watu wanapita mbele ya kitufe hicho miaka bila kukigusa.

Dhana: poti inasoma 100, kwa hiyo kifaa kilichochomekwa ni cha 100

Kabla ya kulaumu kompyuta, shuku kebo. Gigabiti kwenye shaba inahitaji jozi zote nne. Mapatano yenyewe hupita kwenye jozi mbili tu, zile za pini 1 na 2, na 3 na 6. Jozi ya bluu au ya kahawia ikiwa imekatika, vifaa vinakubaliana 1000 kwa maneno kisha vinashindwa kwa vitendo. Vingine vitawaka na kuzima bila kukoma. Vingine, baada ya majaribio kadhaa, hushuka vyenyewe hadi 100 ili angalau mtu afanye kazi. Kushuka huko ni hisani ya watengenezaji wa chipu, hakumo kwenye kiwango.

Kwenye majengo ya ofisi za zamani kuna kitu kingine: kebo moja iliyogawiwa kompyuta mbili, jozi mbili huku na mbili kule. Kwa 100 ilitosha. Ukiweka swichi ya gigabiti, poti hizo mbili haziwezi kupita 100 na hakuna mpangilio wowote utakaozipandisha. Ziko pia kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba, rahisi dukani, ambazo hukatika karibu na kichwa baada ya kupindwa mara chache. Catalyst nyingi zina `test cable-diagnostics tdr`, na vifaa vya MikroTik vina `cable-test`. Zote zinakupa hali ya kila jozi, na pale waya ulipokatika, umbali wake kwa kukadiria.

Dhana: amri moja, upande mmoja, imetosha

Kwenye Cisco, `show interfaces status` ndiyo ya kuanzia. Herufi `a-` mbele ya `full` au `100` inamaanisha thamani hiyo imepatikana kwenye auto. Isipokuwepo, imefungwa kwa mkono. Neno `auto` tupu huonekana kwenye poti isiyo na kiungo. Mimi nikikuta `a-half` pamoja na `a-100` kwenye mtandao wa leo, sihitaji ushahidi mwingi: upande wa pili hausemi, na huenda umefungwa kamili.

MikroTik hujibu kwa `/interface ethernet monitor ether1 once`. Usiishie kwenye `rate` na `full-duplex`, shuka hadi `link-partner-advertising`, kwa kuwa hapo ndipo sauti ya mwenzako ilipo. Linux nayo, ukiandika `ethtool eth0`, ina mstari wa `Link partner advertised auto-negotiation`. Ukisoma `No`, mwenzako hajadiliani. Upande wa Windows, `Get-NetAdapter` itakupa `LinkSpeed`.

Swichi mbili za Cisco zilizounganishwa zitakupigia kelele zenyewe kwa ujumbe wa `CDP-4-DUPLEX_MISMATCH` (CDP ni njia ya Cisco ya majirani kujitambulisha), ikiwa kuna mtu anayesoma kumbukumbu. Kwa vifaa mchanganyiko, LLDP, njia kama hiyo ya kampuni zote, hubeba habari ya auto ya kila upande, na `lldpctl` huionyesha.

Halafu kaunta. Tarakimu ya makosa 4,000 haina maana usipojua imekusanywa kwa muda gani. Huenda ni ya siku ile umeme ulipocheza mwaka jana. Andika `clear counters`, nakili faili kubwa dakika kumi, soma tena, kisha nenda ncha ya pili ukasome na huko.

Ukiwa na poti mia mbili huwezi kuzipitia kwa mkono. Hapo tumia SNMP, njia ya kuviuliza vifaa hali zao kupitia mtandao: `dot3StatsDuplexStatus` hujibu 2 kwa nusu na 3 kwa kamili, na orodha ya poti zote zenye 2 unaipata kabla chai haijapoa. Kwa spidi tumia `ifHighSpeed`. `ifSpeed` ya zamani ni tarakimu ya biti 32, inagota kwenye bilioni 4.29, hivyo poti ya gigabiti 10 haiwezi kuonekana vizuri humo.

Mambo madogo yanayopotosha wengi

Seva pepe yenye kadi ya vmxnet3, kadi pepe ya VMware, itakuambia gigabiti 10 hata kama mashine iliyoibeba imechomekwa kwenye poti ya gigabiti moja. Soma poti ya mashine halisi.

Kwenye fiba ya gigabiti, mapatano hayahusu spidi. Yanahusu dupleksi na ishara ya kumwomba mwenzako asitishe kutuma kwa muda. Na kwenye gigabiti 10 nusu dupleksi haipo kabisa, usiitafute.

La mwisho, ripoti inayochukuliwa usiku. Kompyuta iliyozimwa au kulala, ikiwa bado imechomekwa umeme, mara nyingi hushusha kadi yake hadi 10 au 100 ili itumie umeme kidogo huku ikingoja kuamshwa. Nimeona orodha ya poti thelathini "mbovu" iliyochukuliwa saa nane usiku. Saa tatu asubuhi, watu walipowasha mashine zao, zilibaki mbili.