Virusi vya Borna na sonona: tuache kuchanganya mambo

Dai kwamba sonona na skizofrenia (ugonjwa mzito wa akili) huletwa na Borna, virusi vya farasi, limerudi tena, na linaniudhi kwa sababu linamfunika mgonjwa halisi wa virusi hivyo.

Lilianza 1985, kingamwili za Borna ziliporipotiwa kwa baadhi ya wagonjwa wa akili. Miaka ya 1990 maabara kadhaa zikadai kupata hata RNA yake, yaani chembe zake za urithi, katika damu. Hapo ndipo ninapogoma. Kwanza, virusi hivi hukaa kwenye neva. Katika damu ni nadra kuonekana. Pili, PCR ya mizunguko miwili, kipimo kinachorudufisha jeni ili zionekane, hurudufisha hata tone lililoruka kutoka sampuli ya jirani. Tatu, virusi vya porini hutofautiana kwa eneo, kiasi kwamba jeni zake hukuonyesha mnyama alikoambukizwa. Lakini jeni nyingi za "wagonjwa" zilifanana mno na He/80 na V, aina zinazokuzwa maabara. Huo ni uchafuzi wa sampuli. Kingamwili hafifu katika kipimo kimoja nazo hazithibitishi kitu mpaka kipimo cha pili, cha mbinu tofauti, kikubali. Mwaka 2012 Wamarekani walipima wagonjwa wa akili 198 na watu wazima wa afya 198 bila maabara kujua nani ni nani: hapakuonekana uhusiano.

Hata hivyo, virusi hivi huua. Mwaka 2018 iliripotiwa Ujerumani kwamba watu watatu waliopandikizwa viungo vya mtu mmoja waliugua ensefalitisi (uvimbe wa ubongo), wawili wakafa. Mwenye kuvihifadhi ni kirukanjia wa meno meupe, mnyama mdogo mfano wa panya, anayevitoa kwa mkojo, mavi na mate bila kuugua. Farasi na kondoo ni wahanga tu. Binadamu huvipataje hasa kutoka kwa kirukanjia? Bado haijathibitishwa.

Dalili huanza kwa homa na kichwa kuuma, kisha kuchanganyikiwa, kuyumba, degedege na koma, yote ndani ya wiki chache. PCR ya maji ya uti wa mgongo ikitoka hasi mapema, usifunge faili: rudia, na upime kingamwili katika seramu (majimaji ya damu) na katika maji hayo. Tishu ya ubongo ndiyo hujibu vizuri zaidi.

Virusi hivi vinajulikana kuwepo Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein. Ukiishi Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na paka akaleta kirukanjia aliyekufa, vaa glavu na barakoa, mloweshe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumwokota, kisha umfunge ndani ya mfuko wa plastiki.