Minara ya kuwakumbuka LGBTQ waliobaguliwa: dhana na ukweli

Taja mnara wa kuwakumbuka watu wa jamii ya LGBTQ, yaani wenye mapenzi ya jinsia moja, waliobadili jinsia na wengineo, kwenye steji yoyote ya bodaboda pale Kondele, Kisumu, na utapata majibu sita kabla abiria hajapanda. Majibu yayo hayo nimeyasikia kwa mawakili na walimu, kwa hivyo tusiwabebeshe watu wa bodaboda lawama peke yao. Dini ya mtu inasema nini, hilo nimwachie yeye na Mungu wake. Nataka tujue minara hii ni nini, nani aliilipia na inakumbuka jambo gani.

"Ni mnara wa kusifu ushoga"

Huu ndio mzizi wa mengine yote. Tumezoea minara ya mashujaa: Dedan Kimathi na bunduki yake katikati ya Nairobi, Tom Mboya karibu na pale alipopigwa risasi. Kwa hivyo tukisikia mnara, tunafikiri kuna mtu anatukuzwa.

Chukua ule wa Ottawa, mji mkuu wa Canada, uliochaguliwa mchoro wake mwaka 2022. Unaitwa Thunderhead: nguzo kubwa ambayo ndani yake limechongwa umbo la wingu la mvua ya ngurumo, likafunikwa kwa vioo. Unapendeza, lakini kinachokumbukwa pale ni kitu cha kiofisi kabisa. Ni mafaili. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Canada iliwasaka wafanyakazi wake yenyewe, wakiwemo wanajeshi, polisi, wanadiplomasia na makarani, waliodhaniwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya usalama: kwamba majasusi wa Urusi wangewatisha kwa siri zao hadi wauze siri za nchi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, polisi walikuwa na mafaili ya watu wapatao 9,000. Profesa mmoja wa saikolojia alifadhiliwa na serikali kubuni mashine ya kupima mboni za macho. Unaonyeshwa picha, mboni ikitanuka, umepatikana. Haikufanya kazi, ikaachwa mwaka 1967.

Jambo linalonishangaza zaidi ni hili. Canada iliacha kuwashtaki watu wazima kwa mapenzi ya faragha ya jinsia moja mwaka 1969. Jeshi lake liliendelea kuwafukuza hadi 1992, pale ofisa mmoja, Michelle Douglas, alipolishtaki na serikali ikasalimu amri. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, watu walipoteza kazi, cheo na pensheni kwa jambo ambalo sheria ya nchi hiyo haikuliita kosa. Unaweza kuamini kwa moyo wote kwamba ni dhambi, na bado ukaona kwamba karani aliyefanya kazi yake vizuri hakustahili kuwekwa kiti moto na polisi aeleze analala na nani.

Nikubali kwamba si kila mnara unaeleza hayo waziwazi. Ule wa Berlin, uliozinduliwa Mei 2008 katika bustani ya Tiergarten, ni boksi la zege lenye kidirisha, na ukichungulia unaona filamu ya watu wawili wakibusiana. Mkenya akiona hiyo atasema, si niliwaambia? Mimi mwenyewe ningeweka tarehe na idadi. Lakini waliobuni hawakuokota busu hewani. Manazi walipoikaza sheria ya Ujerumani dhidi ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume mwaka 1935, busu lilitosha kukupeleka jela. Chini ya utawala wao wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa kwa sheria hiyo, na maelfu walipelekwa kwenye kambi za mateso wakiwa wamevalishwa kitambaa cha pembetatu cha rangi ya waridi. Pembetatu hiyo ndiyo umbo la mnara wa Amsterdam wa mwaka 1987, uliotengenezwa kwa mawe matatu ya matale karibu na kanisa la Westerkerk.

"Pesa ya mlipa kodi inapotea"

Waliofukuzwa Canada walikwenda kortini. Mwaka 2018 yakaidhinishwa mapatano ya hadi dola milioni 145 za Canada, na katika hizo hadi milioni 110 zikawa fidia ya waathiriwa wenyewe. Mnara umetoka kwenye fungu lililotengwa na mapatano hayo kwa ajili ya maridhiano na kumbukumbu.

Kama utaratibu huo unasikika mgeni, nenda Uhuru Park. Mnara wa Mau Mau uliozinduliwa pale Septemba 2015 ulilipiwa na serikali ya Uingereza, baada ya wazee wetu kuishtaki jijini London na kupata mapatano ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 mwaka 2013. Sanamu yake ni ya mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akiangalia upande wake ili wasitambuane, na akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake. Tena Mau Mau walikuwa kundi lililopigwa marufuku katika sheria za Kenya hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Silinganishi mateso ya huyu na ya yule. Ninachosema ni kwamba njia ni ile ile: kesi, mapatano, kisha jiwe.

Ni kweli, fidia hutoka hazina ya serikali. Lakini kumlaumu aliyelipwa ni kama kumlaumu mwenye ng'ombe kwa kuwa mwizi alitozwa faini.

"Huku kwetu hakuna aliyebaguliwa, hayo ni ya Wazungu"

Kifungu cha 162 cha sheria yetu ya jinai, kinachokataza kujamiiana "kinyume cha maumbile" na chenye adhabu ya miaka 14 jela, ni ukoo mmoja na kile ambacho Waingereza walikiandika katika sheria ya India mwaka 1860 na kukisambaza katika makoloni yao. Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa tarehe 24 Mei 2019, kwa hivyo kipo. Na hadi Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi wake Machi 2018, polisi waliona ni sawa kuwapeleka washukiwa wa ushoga hospitalini wakapimwe njia ya haja kubwa kwa lazima kutafuta ushahidi. Hayo yalitendeka Pwani, wala hayakuhitaji Mzungu.

"Leo mnara, kesho ndoa"

Ujerumani ilifuta sheria yake mwaka 1994, ikajenga mnara 2008, ikaruhusu ndoa 2017. Uholanzi ilijenga 1987 na kuruhusu ndoa 2001, kwa kura ya bunge. Mawe hayapigi kura. Huku kwetu, hata uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023 ulihusu jambo moja tu, haki ya kusajili shirika la kutetea watu wa LGBTQ. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, aliomba uangaliwe upya na ombi lake likatupwa Septemba mwaka huo. Kifungu cha 162 hakikuguswa.

"Ukishasimama, hakuna wa kuugusa"

Wa Berlin umevunjwa dirisha zaidi ya mara moja. Sanamu za wapenzi wa jinsia moja za mchongaji Mmarekani George Segal, zilizoagizwa mwaka 1979 kwa ajili ya New York zilipingwa hadi zikasimama 1992, na nakala yake katika Chuo Kikuu cha Stanford ilipigwa nyundo 1984. Na sisi wa Kisumu tusijifanye hatujui: mwaka 2014 mnara wa Wakalasinga uliharibiwa mjini humu na waandamanaji waliodai ni wa kishetani. Huo ulikuwa wa dini, wa majirani wenye maduka tunayonunua kila siku.

"Lazima uwe wa mawe"

Kumbukumbu kubwa kuliko zote za aina hii ni ya nguo. Mwaka 1987 kundi la watu mjini San Francisco, wakiongozwa na Cleve Jones, walianza kushona vipande vya kitambaa vya futi tatu kwa sita, ukubwa wa kaburi, kila kimoja kikiwa na jina la mtu aliyekufa kwa UKIMWI. Wengi walikuwa wanaume ambao jamaa zao waliona aibu kuwazika kwa heshima. Waliokuwa Nyanza miaka ile hawahitaji kuelezwa matanga ya namna hiyo yalikuwaje, hata kwa waliokuwa na mke na watoto. Sasa vipande ni takriban 50,000, vina uzito wa tani 54, na havikuhitaji kibali cha ardhi ya umma kuanza. Vilihitaji sindano na mtu aliyekubali kutaja jina la ndugu yake.