Kitanda hakitibu TB

Ile sauti ya WhatsApp imenifikia kwa mara ya nne. Msemaji simjui, ila ana uhakika kuliko mabingwa wote ninaofanya nao kazi kwenye wodi ya TB hapa Uingereza: ati huku ukikutwa na TB unafungiwa hospitali miezi sita, kisha unapandishwa ndege. Juzi mtu kanitumia tena, na emoji ya kulia juu yake. Jioni ile ile akanipigia mama mmoja wa Tanga, ambaye mwanawe tulimruhusu baada ya siku tisa wodini. Baada ya shikamoo akaja moja kwa moja: "Mwanangu, mbona mmemfukuza na bado anakohoa? Ni mambo ya makaratasi?"

Makaratasi ya kijana yako sawa. Na hata yasingekuwa sawa, matibabu ya TB hapa hayatozwi mtu yeyote, awe na viza au hana, na hakuna sheria inayomtoa mtu nchini kwa kuwa ameugua TB. Hilo nalimaliza hapa, maana nimeshalisema mpaka koo limekauka.

Ninachotaka kukisema ni kingine. Yule anayeogopa kufungiwa na huyu anayelalamika mwanawe kafukuzwa wanaamini kitu kile kile: kwamba TB inatibiwa na kitanda. Siwalaumu, tuliwafundisha wenyewe. Kibong'oto kule Kilimanjaro ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1926, wakati dawa ya TB haikuwepo duniani. Ulichopewa ni hewa ya mlimani, chakula na kitanda. Kisha miaka ya 1980, chini ya mpango wa taifa wa TB uliojengwa kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, Tanzania ikaanza kutumia dozi fupi yenye rifampisini. Dawa ilikuwa ghali, na ikimezwa ovyo vimelea vinaizoea, kwa hiyo mgonjwa akalazwa miezi miwili ya mwanzo ili muuguzi amwone akimeza. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, na sisi watoto tulipeleka uji kwa zamu. Aliporudi amenenepa, nani angetuambia kwamba kilichomponya ni vidonge, si wodi?

Jibu lilikuwepo tangu 1959. Mjini Madras, India, watafiti waligawa wagonjwa kwa kura: nusu wakaenda sanatoria, yaani hospitali ya TB ya kukaa muda mrefu, wakala vizuri na kupumzika, nusu wakabaki kwenye vyumba vyao vya msongamano, wengine wakiendelea na vibarua. Dawa zilikuwa zile zile kwa wote, mwaka mzima. Matokeo yalikaribiana sana, na ndugu waliobaki na mgonjwa nyumbani hawakuugua zaidi ya ndugu wa waliolazwa. Nikiwaambia watu hivi wananitazama kama nawauzia kiwanja hewa.

Sasa utaniuliza, kama ni hivyo, mbona Uingereza mnalaza? Hapa ndipo damu inaponichemka.

England mwaka 2024 iliandikisha wagonjwa wapya karibu 5,500, yaani chini kidogo ya 10 kwa kila watu 100,000, mpaka ambao nchi ikiuvuka haiitwi tena yenye TB chache. Zaidi ya wanane kati ya kumi walizaliwa nje. Daktari wa mtaani anaweza kumaliza miaka asimwone hata mmoja. Kijana wa Tanga alianza kukohoa, akapewa antibayotiki. Akarudi, akapewa nyingine. Akalazwa siku tatu katika hospitali nyingine kwa nimonia, akatoka. Usiku alikuwa akilowesha shuka kwa jasho, lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema, maana na yeye aliisikia ile sauti ya WhatsApp! Alipofika kwetu alikuwa anatema damu kwenye kikombe cha karatasi. Na si yeye peke yake: kama theluthi ya wagonjwa wa TB ya mapafu hapa huanza dawa baada ya zaidi ya miezi minne ya dalili.

Kwa hiyo mtu akinionyesha takwimu za waliolazwa kwa TB katika nchi kama hii, mimi nasoma zaidi habari za kuchelewa kuliko habari za TB. Tena hizo takwimu zenyewe! Zinahesabu kulazwa, hazihesabu watu. Kulazwa kwa kwanza kwa kijana wetu kumeandikwa nimonia, kwa hiyo kwenye hesabu ya TB hakupo. Kwa pili yupo. Akirudi macho yamekuwa manjano kwa sababu dawa zimeligusa ini, huenda akaandikwa chini ya ini. Mwingine akihamishwa wodi mbili na hospitali mbili anaweza kuonekana kama jeshi. Halafu mwandishi wa habari anachukua namba hiyo, anaigawa kwa idadi ya wagonjwa, anapata asilimia yenye nukta!

Wapo wanaostahili kulazwa, nawapitia haraka: TB ya ubongo, ya mfuko wa moyo, iliyosambaa mwili mzima, ini lililogoma, TB sugu inayoanzishiwa dawa ngumu. Kwa hao kitanda ni lazima, kwa sababu mtu anaweza kufa wiki hiyo. TB ya tezi haiambukizi mtu na karibu kamwe haihitaji wodi, ingawa tezi inaweza kuvimba zaidi mgonjwa akiwa anameza dawa vizuri kabisa, na hapo simu yangu hailali.

Kundi linaloniudhi ni la mwisho: wanaolazwa kwa kukosa pa kulala. Mtu amepona kiasi cha kucheza karata na muuguzi, lakini alikuwa akilala kwenye kochi la rafiki, nyumba ya watu saba, kochi lenyewe kwa zamu na mfanyakazi wa usiku. Hatuwezi kumrudisha pale. Basi anakaa wiki tano kwenye chumba cha kutengwa tukibishana na halmashauri. Hayo si matibabu, ni kodi ya nyumba inayolipwa kwa bei ya hospitali.

Chumba chenyewe si cha ajabu. Hewa inavutwa kuingia ndani, ya chumbani haitoki kwenda koridoni. Kila asubuhi naweka kipande cha tishu chini ya mlango. Kikivutwa ndani, feni inafanya kazi. Kikilala tu pale, napiga simu kwa mafundi na kuvaa barakoa yangu vizuri zaidi.

Mgonjwa akae humo siku ngapi? Hapa naomba msininukuu sana. Tumezoea wiki mbili za dawa. Wiki mbili zimetoka wapi, ukichimba, unakuta mazoea mengi kuliko ushahidi. Miaka ya 1950 na 1960 huko Baltimore, Richard Riley na wenzake walipeleka hewa ya wodi ya TB kwenye vizimba vya simbilisi. Waliowaambukiza wale wanyama hasa ni wale ambao hawakuwa wameanza dawa, au dawa zao hazikuwa zikifanya kazi. Waliokuwa kwenye dawa sahihi, karibu hakuna. Mwaka 2024 wataalamu wa Marekani wakapendekeza kwamba kwa walio wengi nje ya hospitali, siku tano za dawa zinatosha. Bosi wangu bado ni wa wiki mbili. Mimi? Kichwani niko na Wamarekani. Lakini nyumbani kukiwa na kichanga nabadilika kuwa bosi wangu, na sina hoja ya kisayansi ya kujitetea.

Ninachojua ni kwamba kikohozi si kipimo. Mapafu yaliyochimbwa yataendelea kukohoa wakati vimelea vimeshakufa, na mashine ya GeneXpert itaendelea kusema "chanya" kwa miezi, kwa sababu inasoma vinasaba vya mizoga.

Na kufungiwa kwa nguvu? Kupo. Sheria ya afya ya umma ya 1984 inamruhusu hakimu kuamuru mtu azuiliwe hospitali hadi siku 28, na amri inaweza kuongezwa. Katika miaka kumi na moja nimeiona mara mbili. Ila amri hiyo haimruhusu mtu yeyote kumlazimisha mgonjwa kumeza. Akifunga mdomo, wewe umefunga mlango tu.

Yote haya nilimweleza mama wa Tanga, kwa ufupi zaidi na bila simbilisi. Akanyamaza kidogo. "Sasa nani atamwona akimeza?"

"Mimi, mama. Kila siku saa mbili asubuhi ananitumia video. Anaonyesha vidonge kiganjani, anameza, anafungua mdomo. Akiona mkojo umekuwa kama Fanta asishtuke, ni rifampisini."

"Miezi sita?"

"Miezi sita."

"Haya. Ila kwenye hiyo video mwambie akuonyeshe na sahani. Huyu akiwa peke yake hali."