Wati za kwenye boksi si wati za kutwa nzima
Wengi wanaokokota trela ya kupigia kambi huamini kwamba jenereta iliyoandikwa wati 2000 hutoa wati 2000 muda wote. Si ajabu, maana ndiyo namba kubwa kwenye boksi. Mara nyingi namba hiyo ni kilele cha muda mfupi tu. Nguvu ya kudumu huwa chini, tuseme 1600. Tena mota ya friji au kiyoyozi inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mara mbili, tatu, hata zaidi ya kawaida yake. Na ukipiga kambi Nanyuki, karibu mita 1950 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi hupunguza takriban moja ya tano ya nguvu ya injini. Soma kibandiko cha kifaa, zidisha volti kwa ampea upate wati zake, kisha linganisha na nguvu ya kudumu kwenye kitabu cha maelekezo.